Zizi la Protini

Kosa lilikuwa langu, nianze na hilo. Ningefundisha yaliyomo kitabuni na kufunga mdomo, nisingekuwa na la kusimulia.

Tulikuwa tumewapeleka wasichana wa kidato cha nne ziwani Nakuru. Mmoja wao, msichana mkimya wa kutoka Kuresoi, akaniuliza mbona maji ni ya kijani. Nikamwambia ni bakteria, wengi kupita kiasi, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikianza bakteria sijui kunyamaza. Nikawaeleza kwamba ndani ya kila bakteria wa aina hiyo kuna vijumba vidogo mno, vya pande nyingi, na kuta zake ni protini tupu. Humo kumefungiwa kimeng'enya kinachoshika kaboni dioksaidi ili itengenezwe sukari. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho ni kizembe. Kazi yake ni ya polepole, tena hukosea kikashika oksijeni.

"Kwetu Molo tulikuwa na ng'ombe wa hivyo," niliwaambia. "Ukimwachilia barabarani anakula nyasi pamoja na makaratasi ya plastiki, hachagui. Mzee akamjengea zizi, akawa anamtupia nyasi peke yake. Sasa bakteria naye amejenga zizi la protini. Ndani kuna kimeng'enya cha pili, kazi yake ni kutoa kaboni dioksaidi hapo hapo, ili yule mzembe asikose cha kushika."

Walimcheka ng'ombe wetu sana. Yule wa Kuresoi hakucheka, alikuwa anaandika.

Muhula wa pili ukaja mtihani wa majaribio wa pamoja. Walimu wa baiolojia tulikusanyika Molo kwenye ukumbi wenye baridi ya kukata mifupa, kila mmoja akapewa swali lake alisahihishe katika karatasi za shule zote. Mimi nilipewa la tisa. Liliuliza kama seli ya bakteria ina oganeli, yaani sehemu ndogo yenye kazi yake maalum, kwa alama mbili. Mwongozo wa kusahihishia, ile marking scheme, ulisema: la, haina oganeli yoyote. Basi.

Karatasi zilikuwa na namba tu, hazina majina. Lakini nilipofika kwenye moja iliyoandikwa, "Ndiyo, baadhi zina vyumba vya protini visivyo na utando wa mafuta, kama zizi la kimeng'enya," sikuhitaji jina. Nikaweka tiki mbili nyekundu. Nilifurahi kama mtoto.

Mwenyekiti wa usahihishaji alikuwa anapitia karatasi nyuma yetu. Akasimama kwangu.

"Boss, hizi mbili umepeana kwa scheme gani?"

"Jibu ni sahihi."

"Sijauliza kama ni sahihi. Nimeuliza scheme."

Nikamweleza. Nikaeleza kuta, nikaeleza kimeng'enya, nikatoa simu nimwonyeshe picha, mtandao ukagoma. Alinisikiliza huku akisugua viganja.

"Sawa, nimekuskia. Na wale wengine wote wameandika haina, utawanyima? Hiyo ndiyo wamefunzwa."

"Mwalimu, chai inapoa!" mwenzangu mmoja alipaza sauti kutoka mlangoni. "Weka zero twende!"

Nilikuwa nimejaa hasira. Hata hivyo mkono wangu mwenyewe ulizikata tiki zangu, ukaandika sifuri na kutia sahihi kando, kama inavyotakiwa mtu akibadilisha alama.

Siku niliyorudisha karatasi, yule msichana alinifuata hadi ofisi ya walimu. Alitaka kwenda chuo kikuu kusomea bakteria hao hao, na hakuwa na alama za kuchezea. Hakuja na hasira, jambo lililoniudhi zaidi.

"Mwalimu, hii sahihi si ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa umenipatia, halafu ukatoa."

Nikawaka. Nikalaumu mwongozo, nikalaumu aliyeuandika, nikamlaumu mwenyekiti na uvivu wa walimu wasiosoma kitu tangu watoke chuoni. Nilisema mengi. Alisimama akaningoja nimalize.

"Sasa kwa mtihani wa mwisho niandike nini?"

Ningeweza kumwambia aandike anachokijua. Lakini nilimfikiria msahihishaji nisiyemjua, ameketi ukumbini na mwongozo mkononi.

"Andika haina," nikasema.

"Asante, mwalimu." Alisema kwa adabu zote, akakunja karatasi yake akatoka.

Kwenye mtihani wa mwisho alipata alama alizozitaka. Mpaka alipomaliza shule hakuniuliza swali lingine lolote.