Mpeta Ufuta Anayetuliza Kifua kwa Kidole

Saa tatu asubuhi, nyuma ya ghala moja mjini Ruangwa, Mwamina Kaimu anainua ungo. Ufuta unadondoka, makapi yanapeperuka, vumbi linatanda usoni pake. Anakohoa. Anakohoa tena, safari hii ameinama.

"Mama Ashura, weka ungo chini," nyapara wao, Hasani, anamwambia Mwamina. "Tajiri hataki ufuta wa kukoholewa. Ukishindwa leo, kesho nafasi yako naipa mwingine."

Mwamina anajua hatanii. Mwaka huu wa 1951 kazi za mashamba makubwa ya karanga Nachingwea zimepunguzwa. Mumewe, Shaban, amekwenda Lindi kutafuta kibarua na bado hajapata. Shilingi moja anayolipwa Mwamina kwa siku ndiyo inayolisha watoto wanne.

Ni Ramadhani, na dawa ya maji aliyopewa zahanati anainywa usiku tu. Kwa hiyo anaketi ukutani, anabonyeza polepole kwa vidole pembeni mwa pua, kulia na kushoto. Kisha kishimo cha chini ya koo. Mwisho kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba.

"Jamani, mwenzetu anakamua jipu?" anadakia Sofia, mpetaji mwenzake. "Na hiyo haifunguzi saumu?"

"Kinachofunguza ni kinachoingia," anajibu Bibi Mwanaheri, mkubwa wao kwa umri. "Kidole kimeingia wapi?"

"Kisiteleze tu puani!" anasema Sofia.

Wanacheka. Mwamina naye anacheka, pumzi zikimrudia.

Alijifunza hayo kwenye kambi ya mashamba ya karanga Nachingwea, alikokuwa akifua nguo. Karibu na kamba alizoanikia alifanya kazi seremala Mchina waliyemwita Fundi Asan. Vumbi la mbao lilimkaa kifuani, na kila asubuhi kabla ya kushika randa alijibonyeza hivyo, kama wafanyavyo kwao tangu zamani.

"Kiswahili chake kilikuwa 'polepole' na 'basi'," anasema Mwamina. "Nilimwiga kwa macho. Nikikaza kidole, 'polepole'. Nikizidisha, 'basi'."

Hadai kwamba amepona. "Kifua kinalegea, napumua. Lakini vumbi ni vumbi." Baada ya Idi atakwenda hospitali akapimwe.

Anasimama, anajifunga kitambaa puani, kisha anamwomba Hasani amruhusu kuhamia mwanzo wa mstari wa wapetaji, upepo unakotokea, asipokee vumbi la wenzake. Hasani anasita. Hapo ni mahali pa Bibi Mwanaheri.

Bibi ameshabeba ungo wake. "Njoo, mwanangu. Mimi vumbi limenizoea."

Hadi adhuhuri Mwamina hajakohoa. Hasani anamletea gunia jingine.

Msimu ujao Mwamina anataka kulima ufuta wake huko Narung'ombe, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake.

"Nitaupeta mwenyewe," anasema. "Siku hiyo nikikohoa, nakohoa juu ya ufuta wangu. Nani ataniambia niweke ungo chini?"