Dereva Aliyeomba Ruhusa ya Kutangulia

Habari za kifo chake zimeletwa hapa Kitale na mama auzaye ndizi kutoka Chwele. Alitua mzigo akaniambia, "Yule dereva wenu wa zamani ametuacha. Tulimzika Jumamosi." Niliketi juu ya gunia lake bila kukaribishwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa mimi si mwepesi wa kusifu madereva. Wengi wamenirushia matope. Huyu nitamsifu, na nikimsifu sina budi kujilaumu mwenyewe, maana ilibaki kidogo nimpokonye kazi kwa kalamu yangu.

Katika miaka ya thelathini nilikuwa karani wa tajiri mmoja mwenye malori manne ya kubeba mahindi. Nzige walipomaliza mashamba, madereva wote wanne walirudishwa makwao kwa ahadi moja: kazi ikirudi, aliyeandikwa kwanza ataitwa kwanza. Mahindi yalipopatikana tena, yalitosha malori matatu tu. Kitabu cha majina kilikuwa kimeliwa na mchwa, na mimi nilikuwa mgeni kazini, basi nikawaambia wajipange wenyewe kama walivyoandikwa. Mtu wa Bungoma kama mimi alipaswa kujua zaidi. Nani kwetu atasimama mbele ya aliyetahiriwa kabla yake? Walijipanga kwa rika. Mzee aliyeajiriwa mwisho akawa wa kwanza, na rafiki yetu, aliyeajiriwa wa pili, akawa mkiani kwa kuwa alikuwa mdogo wao. Nikaandika nilivyoona, naye akaenda zake bila kazi.

Mwingine angekuja kunitukana. Yeye alikwenda kwa yule mzee, kuku mkononi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Papa," alimwambia, "hapa nyumbani wewe uko mbele yangu, hata busaa utakunywa kwanza. Lakini kwa gari mimi nilitangulia. Naomba ruhusa nisimame mahali yangu."

"Na mimi nitakula nini?"

"Gari ya nne ikiamka ni yako. Wakiandika mtu mpya, mimi nashuka."

Kesho yake walifika ofisini pamoja. "Futa hiyo, bwana karani," mzee akasema. "Huyu alinitangulia kazini. Wa mwisho ni mimi." Nilifuta kwa aibu.

Miezi ikapita, lori la nne likahitajika, na tajiri akamleta shemeji wa mnyapara wake badala ya mzee. Rafiki yetu alikuwa amekwisha kupakia. Alizima injini, akashuka, akanikabidhi hendeli ya kuwashia gari. Tajiri alifoka kwamba hatashika usukani tena Kitale nzima. Madereva wale wengine wawili nao wakazima, wakaleta hendeli zao. Mahindi yakabaki juani na treni ikisubiri, na kabla ya saa sita nilikuwa juu ya baiskeli kwenda kumwita mzee.

Siku hizi nasikia hata marubani wa ndege wana orodha ya namna hiyo, kwamba waliosimamishwa huitwa kwa zamu kabla ya mgeni kuajiriwa. Ni jambo jema, lakini orodha ni karatasi, na karatasi niliiharibu mimi mwenyewe asubuhi moja tu. Wahenga walisema heshima si utumwa, nami sikuwaelewa mpaka nilipomwona mtu huyu akidai haki yake bila kumvunjia mzee heshima. Vijana wa kazi, idaini nafasi yenu. Mkishaipata, izimeni injini mpaka wa nyuma yenu naye aitwe.