Koili za Bi Loretta

Siku yangu ya kwanza kazini katika mji wa Manassas, Marekani, nilifika na wali maharage kwenye kontena, miwani miwili, na uongo mmoja. Nilikuwa nimemwambia Msimamizi wa Karakana kwamba magita ya umeme nayajua. Ukweli ni kwamba sikuwahi kulishika hata moja.

Nilichokijua ni mota. Kabla ya kuja Marekani nilifanya kazi kitengo cha umeme katika kiwanda cha nguo Morogoro. Mota ikiungua, tulikuwa tunatoa waya ulioteketea na kuzungusha mwingine upya, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka iamke. Kazi hiyo tunaiita kusuka mota. Nilipofika huku, miaka ya mwanzo nilifanya kazi ya kuogesha wazee mjini Springfield, na mikono yangu ikakaa bila waya. Kisha siku moja, kwenye ubao wa duka la kufulia nguo, nikaona tangazo: karakana ya magita inatafuta mtu mwenye mikono mitulivu.

Basi asubuhi ile Msimamizi akaniambia, "Zuhura, kuna pikapu ya mteja imerudi. Ifungue, uone ina nini."

Nikatoka nje. Nikazunguka maegesho yote nikitafuta gari la kubebea mizigo.

Niliporudi mikono mitupu, karakana nzima ilikuwa inacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyevaa aproni ya ngozi. Huyo alikuwa Bwana Calvin, mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Fundi Mkuu. Akaniita mezani kwake, akanionyesha kitu kidogo kama kiberiti. Gita la umeme halina tumbo la kukuza sauti, akanieleza. Kinachosikia nyuzi ni hiki, pikapu: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitetemeka juu yake, umeme unazaliwa humo ndani na kwenda kwenye spika.

"Wewe si mtu wa magita," akasema.

"Hapana, bwana. Ni mtu wa mota."

Akanisogezea kibiringo cha waya. "Zungusha."

Nikazungusha. Waya wa namna ile hauongozwi kwa macho; unaupitisha katikati ya vidole viwili na kusikiliza unavyovuta. Ukikaza, unakatika. Ukilegeza, koili, yaani huo mzingo wa waya, itavuma baadaye kama nyuki. Nilipomaliza, mzee aliigeuza koili yangu mwangani, upande huu na huu. Kisha akamwambia Msimamizi anipe meza ya dirishani, na nikakaa kwenye meza hiyo mpaka nilipostaafu.

Ninyi mnaoyaona magita madukani leo, huenda hamjui kwamba Fundi Mkuu ni mmoja wa watu wa kwanza katika eneo letu kuchonga gita kutoka kwenye ubao mzima. Wanamuziki walimcheka, wakamwambia ametengeneza kasia. Baadaye watu wale wale wakawa wanatoka mbali kuja kumshika mkono. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na kila jioni alipanga patasi zake kwa ukubwa kabla ya kuvua aproni. Kwangu alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa: kila nilipomaliza koili ngumu, alinitazama kama anayetaka kuniambia jambo, kisha akaondoka.

Mwaka mmoja ikaja barua kutoka jumba moja la makumbusho mjini Washington. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya waanzilishi wa gita la umeme, na walitaka gita lake la kwanza kabisa. Mkurugenzi, ambaye ni mpwa wake na ndiye aliyeendesha biashara, alifurahi mno. Fundi Mkuu akanikabidhi mimi kulisafisha.

Nilifanya kazi hiyo nikiwa nimebana pumzi. Nilifungua kifuniko cha pikapu, nikapitisha brashi laini pembeni mwa koili, na brashi ikanasa. Niliuona waya ukikatika. Haukutoa hata mlio.

Ningeweza kuitoa koili ile na kusuka mpya, nikafunga kifuniko, na hakuna ambaye angejua. Badala yake nilikwenda ofisini kwa mzee nikiwa nalia.

"Fundi Mkuu, nimeua gita lako."

Alikuja polepole, akavaa miwani, akainama. Chini ya koili palionekana ncha ya karatasi iliyokunjwa. Akaivuta kwa kibanio. Ilikuwa na tarakimu za mizunguko, zimeandikwa kwa penseli, mwandiko mwembamba ulioegemea upande mmoja.

Akaketi kwenye kiti changu.

"Huu si mwandiko wangu," akasema. "Ni wa Loretta."

Loretta alikuwa mkewe. Alikufa kabla sijafika Manassas, na mimi nilimjua kwa picha ya ukutani tu, mwanamke mwenye kitambaa kichwani. Siku ile ndipo nilipoambiwa kwamba katika usichana wake aliwahi kusuka koili za redio kiwandani. Mumewe alipojaribu kusuka pikapu za mwanzo, zote zilivuma. Loretta akafunga kibiringo kwenye cherehani yake jikoni, akasuka ya kwanza iliyoimba vizuri. Akasuka zote zilizofuata, mpaka macho yakamkatalia.

"Waandishi walipokuja, waliandika jina langu peke yake," akasema. "Nikamwambia nitawasahihisha wiki ijayo. Akacheka tu, akarudi kwenye cherehani. Wiki ijayo haikufika mpaka nikamzika."

Nilimshika bega, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa bosi yeyote.

"Sasa nisuke mpya?" nikauliza.

"Unaweza kuiunga?"

Kuunga waya wa namna ile ni kazi ambayo fundi mwenye akili huikataa. Nilimwambia nitajaribu. Siku nne nilikaa chini ya kioo cha kukuzia, nikatafuta ncha mbili zilizopotea katikati ya mizunguko, nikakwangua rangi inayoukinga waya kwa wembe, nikaziunganisha kwa tone la risasi ya kulehemu, dogo kuliko punje ya mchanga. Mara mbili waya uliniachia. Mara ya tatu mshale wa kipima umeme ukainuka ukatulia. Fundi Mkuu akapitisha kidole kwenye nyuzi, na sauti ikatoka, ya joto, safi. Akageukia dirisha.

Mzee alipomwambia Mkurugenzi kwamba atamtaja Loretta kwenye maonyesho, Mkurugenzi hakupenda. "Mjomba, jina kwenye gita ni moja. Tukianza kuongeza watu sasa, wateja watajiuliza mangapi mengine hatukuwaambia."

"Wajiulize," mzee akajibu. "Na nitawajibu."

Siku ya ufunguzi alisimama mbele ya wageni akiwa ameishika ile karatasi. Hakusoma hotuba aliyoandikiwa. Alisema, "Mimi nilichonga mti. Sauti mliyokuja kuisikia aliisuka mke wangu, Loretta. Nilichelewa kusema." Akaikunja karatasi, akashuka. Baadaye wenye jumba walibadilisha kibao, wakaandika majina mawili. Wateja hawakukimbia. Barua zilizokuja karakanani mwezi ule nyingi zilimuulizia Bi Loretta, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyezijibu.

Fundi Mkuu alifariki miaka miwili baadaye, usingizini. Mimi niliendelea kwenye meza ya dirishani mpaka vidole vilipoanza kufa ganzi. Siku nilipoutoa waya mpya ukanikatikia mara tatu, nilijua. Nilimkabidhi Msimamizi kibanio na kioo, nikaaga.

Sasa naishi Laurel na mume wangu. Hatukosi harusi. Gita likianza, wenzangu hutazama maharusi, mimi natazama mikono ya mpigaji. "Mama Salma," mume wangu huniuliza, "unasikiliza au unakagua?"

Mwezi uliopita kwenye harusi ya Wakongo gita lilipigwa na mwanamume mmoja wa Bukavu, mtu wa makamo. Noti ya tatu tu, nikaijua koili. Kila fundi huwa na mkazo wake wa vidole, na ule ulikuwa wangu. Nikabaki nimekaa, nikaona haya.

"Nenda ukamwambie," mume wangu akasema.

"Nimwambie nini? Anapiga vizuri, inatosha."

Akanipokea mkoba wangu. Nikainuka. Wimbo ulipokwisha nikamwonyesha kwa kidole chini ya nyuzi, nikamwambia, "Hiyo koili niliisuka mimi."

Akatazama gita, akanitazama mimi. "Njo weye ulisuka, mama? Jina yako ni nani?"

"Zuhura."

Akavuta kiti, akakiweka karibu na spika. "Aksanti sana, Mama Zuhura. Ikala hapa mbele, usikie kazi yako."

Nikakaa.