Anayebaki Juu

Mke wangu Juliana ana tabia moja ambayo kama ningeambiwa mapema ningejiandaa. Akishindwa na jambo, anapanga vyombo. Anavitoa vyote kabatini, anavifuta kimoja kimoja, anavirudisha, kisha anavitoa tena. Nikirudi kutoka shuleni nikakuta sufuria zimetapakaa sakafuni, najua kuna programu imegoma mahali, na chai nitajichemshia mwenyewe.

Tunaishi Ngokolo, hapa Shinyanga mjini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, kazi ya kusahihisha watu ambao hawakuomba kusahihishwa. Yeye ana duka la kutengeneza simu na kompyuta, hatua chache kutoka nyumbani. Wateja wanamjua kama Mama Klara fundi simu. Wachache ndio wanaojua kwamba nyuma ya duka, kwenye meza iliyojaa waya, anaandika programu kwa lugha ya C. Ni lugha kavu isiyosamehe, naye anaipenda kiasi cha kunitia wivu.

"C haikufichi kitu, Baba Klara," huniambia. "Ukikosea, umekosea wewe."

Siku moja nilimwuliza kama mimi na hiyo C nani anampenda zaidi. Akasema mimi nina nafuu kidogo, kwa sababu najua kuchemsha chai.

Mdogo wake, Mabula, ni mchimbaji wa dhahabu upande wa Ushirombo. Wao ni saba katika duara moja, yaani shimo la kwenda chini, lenye ngazi za miti na kamba. Kitu anachokiogopa Juliana katika shimo lile si udongo, ni hewa. Pampu ya petroli ikiwekwa vibaya, moshi wake unashuka chini, na sumu iliyo ndani yake haina rangi wala harufu. Mtu anasikia kizunguzungu, anasema ngoja nikae kidogo nipumzike, basi. Mwaka juzi duara la jirani lilipoteza watu wawili namna hiyo. Tulipopata habari, vyombo vyetu vilikaa sakafuni siku tatu.

Vilipopanda tena kabatini, Juliana alikuwa na mashine. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja ndani ya ndoo tupu ya rangi, kipima hewa mwishoni mwa waya mrefu unaoshuka mpaka chini, na juu kabisa, king'ora. Ndani ya programu yake kulikuwa na kazi tatu zinazokwenda sambamba. Yeye alikuwa na neno la Kizungu kwa kila moja, mimi nikamwambia katika nyumba hii tutaziita nyuzi. Uzi wa kwanza ulisoma hewa. Wa pili ulisoma kina cha maji. Wa tatu uliandika kila kitu kwenye daftari la kumbukumbu ndani ya mashine. Hatari ikitokea, programu ilikuwa inatoa nakala yake yenyewe kwa amri inayoitwa fork, kisha nakala ile inaandika daftarini saa ya hatari na kupiga king'ora, huku programu mama ikiendelea kupima. Aliijaribu mara arobaini, ikalia mara arobaini, mpaka majirani wakaja kuuliza kama tumefungua kituo cha zimamoto. Mwezi wa tatu akaenda kuifunga Ushirombo.

Mwezi wa sita, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, hewa iliharibika kweli. Mashine iliiona. King'ora hakikulia.

Kilichowaokoa ni mtu anayeitwa Onesmo. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki juu siku hiyo, na kila baada ya muda huvuta kamba ili walio chini wamjibu kwa kuvuta. Alivuta, wakachelewa. Akavuta tena, kisha akaita watu wa maduara mengine kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Wote sita waliokuwa chini walitolewa wakiwa hai. Mabula alitoka akiwa hajitambui, akalazwa siku mbili.

Tulikwenda kumwona. Alikuwa ameshaanza kutania wauguzi, nikajua atapona. Lakini alimwambia dada yake jambo ambalo mimi sitalisahau.

"Dada, kizunguzungu nilikisikia mapema tu. Nilitaka kupanda. Nikasema aa, kama ni hewa, king'ora cha dada kingelia."

Juliana alitoka nje ya wodi. Nilimkuta ameegemea ukuta, analia bila sauti. Kabla ya mashine yake, Mabula alikuwa mwoga, na woga ule ulikuwa unamlinda. Dada yake ndiye aliyemwondolea. Na Mabula alikuwa ameshatangaza kwamba baada ya wiki tatu anarudi shimoni. "Wewe utakitengeneza," alimwambia, kama mtu anayeacha kiatu kwa fundi.

Mashine ikarudi Ngokolo, waya wake mrefu na king'ora vikabaki kule shimoni. Mke wangu akaiweka juu ya meza ya chakula, akafunga taa ndogo nyekundu mahali pa king'ora, akaanza kuijaribu upya. Mara mia, taa iliwaka. Mara mia mbili, iliwaka. Mimi nilianza kuamini kwamba siku ile ni waya tu uliong'oka. Mara ya mia tatu na kumi na mbili, taa haikuwaka. Juliana akaruka, akapiga kigelegele. Ndivyo walivyo watu wa kazi hii, wanafurahi pale kitu kinapokataa mbele ya macho yao.

Alichungulia ndani ya ile nakala iliyogoma, akakuta imesimama inasubiri kufuli. Hapo nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto wa darasa la tatu.

"Daftari lina kufuli," alisema. "Uzi ukitaka kuandika, unafunga, unaandika, unafungua, ili nyuzi mbili zisiandike kwa wakati mmoja. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa fikiria nyumba hii inanakiliwa yote, na sufuria zake, na makufuli yake yalivyo dakika hiyo. Ila anayeingia nyumba mpya ni mmoja tu, yule aliyetoa amri ya kunakili. Tuseme ni mimi. Na dakika hiyo wewe ulikuwa umejifungia stoo unapima unga, ufunguo mfukoni mwako. Nikifika nyumba mpya nakuta stoo imefungwa kwa ndani. Nagonga. Nani atafungua?"

"Mimi."

"Wewe hukuja."

"Nimekufa?"

"Hujafa, Baba Klara. Uko nyumba ya zamani, umeshamaliza kupima unga, umetoka zako. Ila kule kwangu kufuli limebaki limefungwa, na wa kulifungua hayupo wala hatakuwapo. Nitasubiri mlangoni milele, na king'ora sijapiga."

Nilielewa. Mara nyingi uzi wa daftari ulikuwa umepumzika, kila kitu kinakwenda vizuri. Lakini Jumanne ile, nakala ilitolewa katika nukta ileile uzi ulipokuwa unaandika. Bahati mbaya ya mara moja kati ya mia tatu, na ilimwangukia shemeji yangu.

Dawa ya kwanza aliyojaribu ilikuwa kuyakamata makufuli yote kabla ya kutoa nakala, kisha kuyaachia pande zote mbili. Kwa kufuli lake mwenyewe ilifanya kazi. Lakini kipima hewa kilikuja na programu za mtengenezaji wake, nazo zina makufuli yao ambayo Juliana hayaoni wala hana namna ya kuyashika. Mara ya mia tisa na kitu, taa ikakataa tena. Hakupiga kigelegele safari hii. Alikwenda moja kwa moja kabatini.

Zilikuwa zimebaki siku chache Mabula arudi shimoni. Niliongea naye kwa simu, nikamsihi, nikapandisha sauti ya ualimu, akacheka. Jumamosi Juliana akasema twende Ushirombo. Alikuwa amekata tamaa. Anakwenda kung'oa waya wake na king'ora chake, na kumwambia mdogo wake mbele ya wenzake kwamba asiiamini tena mashine yake. Nilibeba tu begi la kompyuta, ambalo hata siku ya kukata tamaa haliachi.

Tulifika asubuhi wakati wenzake Mabula wanajiandaa kushuka. Mabula mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kama mgonjwa wa kujitakia, anakula muwa.

"Mwangaluka," nikawasalimu, maana pale ukianza na Kiswahili changu cha shule wanakuona mkaguzi.

"Mwangaluka, mwalimu. Mama Klara, mwangaluka."

Onesmo ni mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, na siku hiyo pia ilikuwa zamu yake ya kubaki juu. Mchimbaji mmoja, Magesa, alimwendea na ufunguo wa kibanda chake.

"Nishikie, nisije nikaupoteza chini."

Onesmo akarudisha mikono nyuma. "Leo niko juu. Sishiki cha mtu."

"Ufunguo tu, Onesmo!"

"Hata sindano. Kampe mwenye mgahawa."

Magesa akaondoka ananung'unika. Mimi nilicheka, lakini nilipomtazama mke wangu, hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na koleo lake la kukatia waya, anamtazama Onesmo.

"Kwa nini hushiki?" akamwuliza.

"Mama Klara, wewe na nduguyo nyote mnapenda kuuliza," Onesmo akasema. "Zamani sisi shida ikitokea ndipo tunatafuta wa kukimbilia msaada. Unamkamata aliye karibu, kumbe ana kazi mkononi. Siku moja mmoja katumwa akafungue stoo ya kamba, kafika, mlango una kufuli. Mwenye ufunguo yuko chini ya shimo, ndiye huyohuyo tunayemtafutia kamba. Tangu siku hiyo, anayebaki juu tunamchagua kabla mtu yeyote hajakanyaga ngazi. Na hapewi kitu cha kushika. Kazi yake ni moja tu, kusikiliza."

"Kabla mtu yeyote hajakanyaga ngazi," Juliana akarudia.

"Sasa utamchagua saa ngapi, wakati watu wanakufa?"

Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakuwahi kukutana na Onesmo. Juliana alidondosha koleo, akageuza ndoo tupu iliyokuwa pale, akakaa juu yake, akanyoosha mkono bila hata kunitazama. Nilimpa begi. Ukikaa na mtu miaka kumi na moja unajua mkono unadai nini.

Aliandika pale pale mpaka jua likawa utosini, mimi nimemshikia mwavuli kama mpambe wa bibi harusi. Katikati aliinua kichwa mara moja tu.

"Onesmo, na kama wa juu kaugua ghafla, ikabidi mtu atoke chini akaite msaada?"

"Akifika juu asiguse kitu, asisalimie mtu. Akimbie moja kwa moja."

"Basi ndivyo vitabu vinavyosema," akaniambia mimi, macho yanang'aa. "Vinasema hivyohivyo, Baba Klara, nimevisoma mara ngapi! Ukilazimika kutoa nakala nyuzi zikiwa kazini, nakala isiguse kitu, igeuke hapohapo iwe programu nyingine. Mimi yangu niliituma ikaandike kwanza daftarini."

Lakini kwa ajili ya Mabula alichagua ile njia nyingine ya Onesmo, ya kumchagua wa juu kabla ngazi haijakanyagwa. Sasa programu ikiwashwa, kitu cha kwanza kabisa inachofanya ni kutoa nakala, wakati bado iko peke yake na hakuna uzi wala kufuli lililofungwa. Nakala ile inakaa pembeni, haina daftari, haina kipima. Ndipo nyuzi tatu zinaanza kazi. Kila sekunde programu mama inaipelekea nakala neno moja, "nipo". Ikipelekewa neno "hatari", inapiga king'ora. Na isiposikia neno lolote kwa sekunde tano, inapiga vilevile, kama Onesmo kamba isipojibu. Nilichungulia kioo nikaona jina alilompa msaidizi huyo: onesmo, kwa herufi ndogo.

Mwenye jina alipoonyeshwa, alisema, "Wabeja," asante ya Kisukuma, kisha akaenda kukagua kamba ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Juliana aliijaribu mara elfu kumi juu ya meza yetu ya chakula. Tulikula tukiwa tumekaa mkekani siku zote hizo. Taa iliwaka mara elfu kumi. Mabula akarudi shimoni, na dada yake akamwambia, mbele yangu, kwamba akisikia kizunguzungu apande hata kama king'ora kimelala.

Mwezi wa nane Juliana alikwenda Ushirombo kubadilisha betri. Nilirudi nyumbani saa ya mapumziko nikakuta stoo imefungwa, unga uko ndani, na ufunguo haupo. Nikampigia kwa hasira zangu zote.

"Mama Klara, umeondoka na ufunguo wa..."

Sikumaliza. Upande wa pili king'ora kilikuwa kimeanza kulia. Juliana hakujibu na hakukata simu. Nilisikia miguu ikikimbia, nikasikia mtu akifoka kwamba nani kaweka pampu pale, na juu ya kelele zote sauti ya Onesmo ikihesabu wanaotoka.

"Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano."

Halafu hakuhesabu. King'ora kikaendelea kulia. Nilikuwa nimeshika kitasa cha stoo kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine.

"Sita."

Nikamsikia Mabula, karibu kabisa na simu, anahema kwa ngazi alizopanda. "Dada, mimi hata kizunguzungu sijasikia. Nimekisikia hicho kitu chako tu, nikapanda."

Juliana alianza kulia, na mara hii alilia kwa sauti. Nilikata simu taratibu. Nikachemsha chai, nikainywa kavu, nikarudi shuleni.