Kitufe cha Sauti

Fundi wa rimoti ana vidole vinene, lakini akishika kitu cha mtu utadhani kashika yai. Huipuliza rimoti, huielekeza kwenye kamera ya simu yake, na kila kitufe hukijaribu mwenyewe.

"Mwanga upo, mzee, ila macho yetu hayauoni," alimwambia mzee aliyemletea rimoti ya runinga.

Kweli, kwenye kioo cha simu taa ya zambarau ilimetameta kwa vitufe vyote, isipokuwa cha sauti, kilicholika.

"Nikuwekee kipya?"

"Usikitupe! Hicho kimelika kwa dole gumba la mke wangu. Marehemu sikio lilikuwa zito, ila umbea haukumpita."

Fundi akacheka, kisha akaifungua rimoti. Akabandika kipande cha foili ya kupitisha umeme chini ya kitufe kilekile, akafunga. Hicho hakukijaribu.

"Bonyeza wewe, mzee."

Mzee akatuliza dole gumba ndani ya kile kibonde. Kwenye kioo cha simu, taa ikawaka.