Sanduku la Nevada

LaVonne Petersen aliendesha basi la shule hapa kwetu Iowa mpaka nyonga zikamgomea. Mimi nilipostaafu nilikaa kutazama televisheni. Yeye akaenda kuficha majimbo hamsini ya Marekani kwenye njia ya zamani ya reli. Hamsini, jamani! Ni ule mchezo wa kusaka masanduku kwa simu: unaficha sanduku, unaonyesha mahali mtandaoni, wageni wanakuja kutafuta, na anayelipata anaandika jina lake na kulirudisha palepale. Ya LaVonne kila moja lilipewa jimbo lake, na somo la jimbo hilo kwenye kifuniko. Ukilipata la Maine, unasoma kwamba ndilo jimbo pekee linalopakana na jimbo moja tu. Watu walitoka Minnesota kuja kuchanwa na miiba yetu, na walirudi kwao wanacheka. Nilimwita mwendawazimu, wala hakujali.

Sababu yenyewe ilikuwa Kyle, mwanawe wa pekee. Kyle alipokuwa mdogo alifunga kibati chenye namba ya kufuatilia mtandaoni kwenye katrekta kake ka chuma, akakaweka ndani ya sanduku la mchezo huo ili wachezaji wakahamishe, sanduku hadi sanduku, kazunguke nchi nzima kisha karudi kwake. Saratani ya damu ikamchukua kabla hajamaliza shule. Trekta likaendelea kutembea. LaVonne alilifuatilia mtandaoni kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, na njia yake aliitengeneza ili siku moja mtu alilete huku.

Jumamosi moja jioni akanipigia simu, analia. Kuna mgeni ameliacha trekta ndani ya sanduku la Nevada, chini ya daraja letu.

"Arlys, limerudi! Kyle wangu karudi nyumbani."

"Basi vaa viatu twende, shoga, unangoja nini?"

"Na mvua hii? Na nyonga hizi? Twende asubuhi. Nataka nilipokee nimevaa vizuri."

Asubuhi tukakuta utepe wa polisi umekatiza njia. Aliyesimama pale ni Travis, kijana wa akina Hoekstra, siku hizi ni polisi. Akatueleza kwamba mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ameona kasha la jeshi chini ya daraja, limeandikwa bomu.

Ole wetu! Makasha yote ya LaVonne yalikuwa yale ya chuma ya kuwekea risasi, maana hayaingizi maji, na wachezaji wameyazoea kama sufuria za jikoni. Na somo la Nevada alikuwa ameliandika kwa rangi nyekundu: HAPA MABOMU YA NYUKLIA YALIJARIBIWA.

"Travis, hilo langu! Nimeliandika kwa mkono wangu."

"Bi Petersen, tafadhali rudi nyuma."

"Umetapika kwenye basi langu mara ngapi wewe? Leo hunijui?"

"Nakujua, bibi. Nimewaambia wataalamu wa mabomu kila ulichosema. Wanasema wakishafika hawafungui kitu kwa mkono."

"Mle ndani kuna kitu cha mtoto wangu!"

"Nimewaambia na hilo."

Nikamtolea maneno ambayo siku ya Jumapili hayasemwi. Nikamwambia afungue simu yake aone, sanduku liko mtandaoni dunia nzima inaliona! Masikio yakamwiva, lakini hakusogea. Na angefanya nini? LaVonne aliushika utepe kwa mikono miwili, wala hakuuvuta. Wataalamu wakafika, na kimashine chao chenye magurudumu kikajikokota taratibu hadi chini ya daraja.

Mlio wa kulilipua kasha haukuwa mkubwa. Nilitamani LaVonne apige kelele, azimie, afanye lolote. Alisimama tu na gauni lake la kanisani.

Mtaalamu mmoja akatujia anavua kofia, kijana mzuri, jasho linamtiririka.

"Habari njema, akina mama, mko salama. Mle ndani hamkuwa na kitu. Karatasi, na kidude cha kuchezea mtoto."

LaVonne akampa mkono.

"Asante, mwanangu," akamwambia.