Fundi Aliyepanua Suruali Yake

Majuzi, mwaka huu wa 1993, nilikuta cherehani ya fundi wetu wa Kathonzweni imefunikwa kwa leso, na mwenye duka jirani akanitikisia kichwa kabla sijauliza. Fundi amefariki. Sikushtuka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana kifo hiki kilianza kuja ile Jumapili ya shukrani, nasi tukakipigia makofi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, kupandikizwa figo lilikuwa jambo la kusikia redioni tu. Yeye alipandikizwa Nairobi, figo la dadake wa Kwa Vonza, wakarudi wote wawili wakitembea. Huku kwetu ukame humkondesha kila mtu, kwa hiyo mgonjwa akinenepa hatuna swali jingine. Fundi alipoanza kujaa kiunoni, soko zima lilifurahi. "Fundi, umenona! Huko Nairobi walikulisha nini?" Alicheka, akafumua mshono wa suruali yake, akaipanua. Haukupita muda akaipanua tena. Wiki hiyo alitakiwa kliniki, lakini kanisa lilikuwa limeshatangaza ibada ya shukrani na mbuzi ameshapatikana. Akasema ataenda wiki inayofuata.

Kanisani alisimama mbele, pasta akamgeuza huku na huku tumwone vizuri. Dadake pekee hakupiga makofi. Ibada ilipokwisha alimvuta kando, nami nilikuwa karibu.

"Mwana wa mwaitu, mtoto wa mama, hebu toa hiyo kiatu."

"Kwani iko nini?"

"Mguu moja imefura, hiyo ingine iko sawa. Mtu hanenepi upande moja. Na mkojo, inatoka vizuri?"

Fundi akatazama chini. "Imepungua. Sikutaka kuharibu sherehe ya watu."

Kesho yake walienda Nairobi. Daktari alimpiga picha ya altrasaundi, akaona majimaji yamekusanyika kando ya figo jipya, ambalo huwekwa karibu na nyonga, yanalibana pamoja na mrija wa mkojo na mshipa wa mguu. Akayavuta kwa sindano yakapimwe, wajue kama ni mkojo unaovuja. Haukuwa mkojo, yalikuwa majimaji ya mwili, yaliyotoka kwenye vijishipa vilivyokatwa wakati wa upasuaji. Yalitolewa, yakarudi. Ikabidi apasuliwe tena, yafunguliwe njia ya kuingia tumboni, ambako mwili huyanyonya wenyewe. Safari hii hayakurudi. Daktari alisema jambo hilo hutibika vizuri likiwahiwa, lakini figo hili lilikuwa limebanwa muda mrefu mno. Lilifanya kazi kwa kusuasua miaka michache, kisha likazima, naye fundi hakudumu.

Siku hizi neno "umenona" linanikera. Tunammiminia mtu sifa kabla hajapata nafasi ya kusema anaumwa, na akishasifiwa anaona haya kuumwa. Anajificha ndani ya furaha yetu, anapanua suruali, na ugonjwa unapata siku zote unazohitaji. Afadhali tuulize hali ya mtu, kisha tunyamaze tusikie jibu, hata kama mbuzi ameshachinjwa.

Nilidhani msiba huu umetufundisha hivyo. Lakini makaburini mama mmoja alimshika dadake fundi mkono, akamwambia kwa upendo kabisa, "Pole, dada. Lakini wewe umenona!" Dadake fundi aliinua pindo la gauni lake kidogo, akautazama mguu mmoja, kisha wa pili.